Kwa nini kupiga rangi upya Corvette ya zamani ni hela ndefu?

Chevrolet Corvette, gari la spoti la Marekani lililoanza kutengenezwa mwaka 1953, halina bodi ya bati. Bodi yake ni ya faiba, haishiki kutu. Unaweza kudhani basi kulipiga rangi upya ni kazi ndogo. Wapi!

Shida ya kwanza ni kutoa rangi ya zamani. Kwenye bati, fundi anaweza kutumia mashine ya kupuliza mchanga. Kwenye faiba, mchanga huo unaila bodi yenyewe. Dawa za kawaida za kutolea rangi nazo zinaweza kulainisha gundi inayoshikilia nyuzi za kioo. Mara nyingi kinachobaki ni msasa wa mkono, taratibu, siku baada ya siku.

Shida ya pili ni nyufa. Rangi ikitoka, zinaonekana nyufa ndogo kama utando wa buibui. Zisipochimbwa na kuzibwa kwa faiba na gundi mpya, zitajitokeza tena juu ya rangi mpya.

Ndiyo maana hela nyingi inaliwa na saa za fundi, siyo rangi. Huko Marekani, kazi kamili inaweza kupita dola 10,000.

Kwa hiyo aliyenunua Corvette "ya bei chee" yenye rangi mbovu anaweza kujikuta analipa mara mbili. Na fundi akitaja bei ya chini sana, swali ni moja tu: rangi ya zamani inatolewa yote, au inafunikwa?