Dozi Isiyo na Mwisho: Lugha ya Mtoa Huduma na Mgonjwa wa Tiba ya Kudumu katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi



Naomba nianze na kisa cha nyumbani. Shangazi yangu aliolewa Ngara akiwa msichana, na huko ndiko alikozeekea. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba lugha hii ilikuwa ngeni kwake. Uzeeni aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akaandikiwa vidonge. Baada ya miezi kadhaa alirudi kupimwa katika kituo kimoja cha afya. Muuguzi alimwambia kwa furaha: "Bibi, presha yako imeshuka. Iko vizuri kabisa. Endelea hivyo hivyo." Shangazi alishukuru, akarudi nyumbani, akavifunga vidonge vilivyobaki katika kitambaa na kuviweka akiba kwenye kopo, hadi siku presha itakapopanda tena. Haikupita miezi mingi akapatwa na kiharusi kilichomnyima mkono wa kulia.

Nilipomwuliza kwa nini aliacha dawa, alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu, sikuacha. Yule binti aliniambia imeshuka. Ningemeza ya nini tena?"

Muuguzi hakusema uongo, na shangazi hakukaidi. Wote wawili walikizungumza Kiswahili vizuri. Tukiyachunguza yale maneno kwa jicho la isimu, tunaona kwamba kiambishi -me- katika "imeshuka" huonyesha tendo lililotimia ambalo matokeo yake yapo. Kwa muuguzi, matokeo hayo yalikuwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Kwa shangazi, yalikuwa ushahidi kwamba dawa imemaliza kazi. Nayo "hivyo hivyo" ilibaki bila kirejelewa: aendelee kumeza, au aendelee kuwa mzima?

Hoja ya mhadhara huu ni nyepesi kuitamka, ingawa athari zake ni nzito. Kiswahili tunachokitumia katika tiba ya kudumu tumekirithi kutoka kwenye tiba ya magonjwa yenye mwisho. Msamiati wenyewe umebeba mwisho ndani yake. Pale ambapo mgonjwa hapewi nafasi ya kuuliza, msamiati huo humwongoza kuacha dawa akiamini kwamba anatii.

Tatizo la kuacha dawa si la Kagera peke yake. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kuhusu tiba za muda mrefu, ikieleza kwamba hata katika nchi zilizoendelea ni wastani wa nusu tu ya wagonjwa wanaofuata tiba hizo inavyotakiwa. Hata hivyo, kila mahali lina sura yake, na sura ya Ngara na Biharamulo inawahusu wanaisimu moja kwa moja.

2.0 Maneno yaliyobeba mwisho

Tuchukue neno "dozi". Katika matumizi ya kila siku lina maana mbili. Kwanza, ni kiasi cha dawa kinachomezwa kwa mara moja. Pili, ni jumla ya dawa zote za tiba moja, kama katika usemi "maliza dozi". Maana hii ya pili imejengwa hasa na malaria. Dawa mseto, iliyoanza kutumika nchini mwishoni mwa 2006, ni vidonge 24 kwa mtu mzima, katika siku tatu. Mgonjwa anajua kabisa siku ya kwanza na siku ya mwisho. Kwa miongo mingi tumewafundisha wananchi, tena kwa mafanikio, kwamba mgonjwa mwema ni yule anayemaliza dozi.

Mtu huyohuyo anapoambiwa kuwa ana shinikizo la damu, kisukari au virusi vya UKIMWI, anapewa dawa kwa neno lilelile. Pakiti ya mwezi mmoja inapokwisha, kwa maana aliyofundishwa, dozi imeisha. Kumwambia "usiache dozi" hakumsaidii mtu anayeamini kuwa ameimaliza.

Kifua kikuu kinasimama katikati, maana tiba yake ina mwisho, lakini mwisho huo uko mbali. Tiba ya kawaida ni ya miezi sita: miezi miwili ya dawa nne, kisha miezi minne ya dawa mbili. Idadi ya dawa inapopunguzwa baada ya miezi miwili, homa na kikohozi mara nyingi vimekwishatulia. Mgonjwa anaambiwa, "Makohozi yako sasa ni safi." Neno "safi" ni habari njema ya maabara, lakini kwa masikio ya kawaida ni hati ya kuachiwa huru. Aliyeacha dawa hapo anaweza kurudi na ugonjwa uliokwisha kuwa sugu.

Mfano mwingine ni maelekezo ya "kutwa mara tatu". Asili ya "kutwa" ni kuchwa kwa jua, na ndiyo maana tunasema "mchana kutwa" kwa kipindi cha mwanga na "usiku kucha" kwa kipindi cha giza. Mgonjwa makini anaweza kuzigawa dawa zake tatu kati ya macheo na machweo, huku mtabibu akitazamia saa nane kati ya kidonge na kidonge. Kidonge cha usiku kinapotea ndani ya maana ya neno.

3.0 Chanya, hasi na kutoonekana

Mkoa wa Kagera una nafasi ya pekee katika historia ya UKIMWI nchini, kwani ndiko wagonjwa watatu wa kwanza walikoripotiwa mwaka 1983. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulianza 2004, na tangu 2016 mwongozo ni kwamba kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri. Kutokana na hatua hizo, ugonjwa ulioua haraka umekuwa hali ya kuishi nayo. Swali ni iwapo lugha nayo imebadilika kwa kasi hiyo.

Istilahi "chanya" na "hasi" zilitoka katika hisabati na fizikia zikaingia maabara. Nje ya maabara, jambo chanya ni jambo jema, kama tunaposema "mtazamo chanya". Kumwambia mtu majibu yake ni chanya bila maelezo ni kumpa habari nzito katika vazi la pongezi. Nalo neno "hasi" lina ndugu wa sauti moja. Huko Biharamulo, ambako wamehamia wakulima na wafugaji wengi wa Kisukuma, kuhasi ni kazi inayojulikana: ndiyo inayomgeuza fahali kuwa maksai wa kukokota jembe. Tunaweza kutabasamu kwa mfano huu, lakini mzee aliyeambiwa "wewe ni hasi" mbele ya mkewe huenda asitabasamu.

Hatari zaidi imo katika "virusi havionekani". Mtaalamu anataja kiwango: virusi vimepungua mno hata kipimo hakivioni. Msikilizaji anasikia kwamba havipo. Maneno machache tu yangetosha kulinda maana: "havionekani kwenye kipimo, lakini vimo".

Sitaki ieleweke kwamba Kiswahili hakina uwezo. Neno "kufubaza" ni ushahidi wa kinyume chake. Kitu kilichofubaa kimepoteza mng'ao au uchangamfu, lakini hakijafa. Yeyote aliyelichagua neno hilo aliipatia lugha kitenzi kinachosema ukweli wote: dawa imewalegeza maadui, haijawaua, na ulinzi ukiondolewa watachangamka tena. Istilahi nzuri ya tiba humfundisha mgonjwa kila inapotamkwa.

4.0 Mgonjwa mwenye lugha zaidi ya moja

Hadi hapa nimezungumzia Kiswahili kana kwamba ndiyo lugha pekee iliyomo chumbani. Ngara na Biharamulo hali si hiyo. Wilayani Ngara kuna Kihangaza na Kishubi, ambazo Guthrie aliziweka katika kundi D60 pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Biharamulo kuna Kisubi, pamoja na Kizinza, Kihaya na Kisukuma. Daktari kwa kawaida amesomea udaktari kwa Kiingereza, anaandika kadi kwa Kiingereza na vifupisho vya Kilatini, anazungumza Kiswahili, na huenda ametoka mkoa wa mbali. Maelekezo ya dawa hupita katika lugha tatu au nne kabla ya kufika kitandani kwa mgonjwa.

Kila kivuko kina hatari yake. Katika Kirundi, jirani wa karibu wa Kihangaza, neno "ejo" hutaja jana na pia kesho. Njeo ya kitenzi ndiyo inayoamua. Mfumo huo haumsumbui mzungumzaji hata kidogo, kwa kuwa sentensi yake ina kitenzi. Tatizo linakuja pale muuguzi mgeni, kwa nia njema kabisa, anapookota neno moja la wenyeji na kulitumia bila kitenzi. Hali kadhalika, tarakimu "8" iliyoandikwa na mtu anayehesabu saa kwa Kiingereza ni saa mbili kwa mgonjwa, lakini mgonjwa ataisoma saa nane.

Mara nyingi mkalimani ni mtoto. Mjukuu wa darasa la sita anaingia na bibi yake na kutakiwa kutafsiri maswali kuhusu choo, hedhi au tendo la ndoa. Adabu aliyolelewa nayo haimruhusu kuyatamka maneno hayo mbele ya bibi, wala bibi hawezi kujibu ukweli kupitia kinywa cha mjukuu. Wanachofanya ni kupunguza. Mtabibu anapata jibu fupi, anaandika, na tiba inajengwa juu ya jibu hilo.

Historia inatuonyesha kwamba jambo hili lina ufumbuzi. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Ilibidi huduma zitolewe kwa lugha waliyoielewa. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera wilayani humo, ikitangaza kwa lugha za wakimbizi pamoja na Kiswahili. Kwa hiyo lugha zilizo dada wa Kihangaza zilipata nafasi katika huduma kwa sababu zilikuwa za wageni. Mwenyeji aliyezizungumza kwa jina jingine alitazamiwa kujimudu kwa Kiswahili.

5.0 Mteja na mtoro

Namna tunavyomtaja mtu huonyesha tunavyomwona. Katika miongo ya karibuni sekta ya afya imependelea kumwita mgonjwa "mteja". Lakini mteja huyo akikosa kufika tarehe aliyopangiwa, katika mazungumzo ya kliniki huitwa "mtoro". Anapokuja ni mteja. Asipokuja ni mtoro. Neno hili lilimtaja mtumwa aliyekimbia bwana wake, likamtaja askari aliyetoroka jeshi na mwanafunzi anayekwepa shule. Katika matumizi hayo yote, mtoro ni mtu aliyekuwa chini ya amri, na akipatikana huadhibiwa.

Mama aliyeshindwa kufika kwa sababu mvua ilikata njia, au aliyekwenda kumzika ndugu yake ng'ambo ya mpaka, anajua jina linalomsubiri. Anaweza kuona afadhali asirudi kabisa. Hivyo neno lililokusudiwa kuhesabu walioacha dawa linasaidia kuwaongeza. "Aliyekosa mahudhurio" ni maneno mawili badala ya moja, lakini hayamfungi mtu minyororo.

6.0 Hitimisho

Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba homa ya Marburg imeingia Biharamulo, na tarehe 13 Machi ikatangazwa kuwa mlipuko umekwisha. Magonjwa ya namna hiyo huja na siku yake ya mwanzo na ya mwisho, na huvuta masikio ya dunia. Shinikizo la damu halitangaziwi mwisho. Linategemea sentensi chache zinazosemwa kila mwezi na muuguzi aliyechoka, mbele ya foleni ndefu.

Sentensi hizo ndizo eneo letu la kazi. Badala ya "presha imeshuka, endelea hivyo hivyo", iwepo kauli kama hii: "Dawa imeishusha presha. Ukiacha dawa, itapanda. Utaendelea kumeza kila siku, hata siku usiyojisikia mgonjwa." Badala ya kuuliza "Umeelewa?", swali ambalo kwa heshima lina jibu moja tu, mtoa huduma aulize: "Bibi, ukifika nyumbani, utamweleza mkweo kwamba dawa hizi unazimezaje?" Mgonjwa akieleza vingine, kosa ni la maelezo, na linarekebishika palepale.

Kwenu wanafunzi, natoa ombi. Tunayo Kamusi ya Tiba iliyotolewa na TUKI, nayo ni hazina kwa mtaalamu. Hatujapata bado maelezo ya kutosha ya namna maneno yake yanavyosikika katika masikio ya mzungumzaji wa Kihangaza, Kishubi au Kizinza. Nendeni mkasikilize na kurekodi kwa ridhaa, kisha mrudishe matokeo kwa wauguzi kabla ya kuyapeleka kwenye majarida.

Shangazi yangu aliishi miaka mitatu baada ya kiharusi, akimeza vidonge kwa mkono wa kushoto. Kila asubuhi alinyanyua kidonge na kumwambia mjukuu wake, "Hiki hakimalizwi." Aliyetunga mabango ya elimu ya watu wazima angelipenda somo hilo. Kilichonisikitisha ni kwamba alijifunza sentensi hiyo kutokana na ugonjwa, ilhali sisi tungeweza kumpa mapema.