Nyonga Inapovunjika Uzeeni

Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hafi kwa mfupa wenyewe. Hufa wiki au miezi baadaye kwa nimonia, damu kuganda au moyo kushindwa kazi, na maradhi hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye cheti cha kifo. Kwa sababu hiyo magonjwa ya mifupa, viungo na misuli, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria yana wagonjwa bilioni 1.71, huonekana kuwa ya maumivu na ulemavu tu. Hata penye hospitali nzuri, kati ya asilimia 20 na 30 ya wazee wanaovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha.

Chanzo kikubwa ni mifupa kupungua uimara, hasa kwa wanawake baada ya kukoma hedhi. Kuteleza bafuni kunatosha kuuvunja mfupa wa namna hiyo.

Kinachoua zaidi ni kulala. Mgonjwa anayelala chali havuti pumzi hadi chini ya mapafu. Makohozi hutuama na vijidudu huzaliana humo. Damu ya miguuni, ambayo husukumwa kurudi juu na misuli ya mashavu ya mguu anapotembea, hudorora na kuganda, na bonge likikatika huweza kuziba mshipa wa mapafu na kuua kwa dakika chache. Makalio na visigino hutoka vidonda. Misuli nayo huyeyuka: wazee wenye afya waliolazwa siku 10 kwa majaribio walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Aliyevunjika, mwenye maumivu na asiyekula vizuri, yuko katika hali mbaya zaidi.

Ndiyo maana Uingereza imeelekeza operesheni ifanyike siku ya kulazwa au inayofuata, na mgonjwa asimamishwe kesho yake. Afrika Mashariki wengi hawaipati haraka hivyo. Wapo wanaofungiwa vyuma vya kuvuta mguu kwa wiki nyingi, na wapo wanaobaki nyumbani mikononi mwa fundi wa mifupa. Kwa mzee, kungoja huko si subira, ni hatari.

Magonjwa ya mifupa, viungo na misuli huua pia kwa njia zisizo na ajali. Katika ugonjwa wa misuli wa Duchenne, unaowapata hasa wavulana, misuli ya kupumua na ya moyo huchoka kidogo kidogo. Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo huleta uvimbe unaoharibu pia mishipa ya damu, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo huongezeka kwa karibu nusu.

Halafu zipo dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani kama peremende, lakini zikimezwa kila siku huweza kuchimba vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, kupandisha presha na kuchosha figo. Mwenye maumivu ya kudumu anastahili kupimwa presha na figo mara kwa mara, na kuambiwa kwamba choo cheusi kama lami ni cha kukimbilia hospitali.