Mwizi Aliyeingia Peponi

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawasimulia habari za mwizi, na si mwizi wa kuku. Mwizi huyu alihukumiwa kufa, akafa kweli, na kwa jinsi Wakristo wanavyoamini, siku hiyo hiyo alikuwa peponi. Hakubatizwa. Hakutoa sadaka. Kwaya hakuimba hata siku moja. Kwa karibu miaka elfu mbili Wakristo wameulizana mtu wa namna hiyo aliingiaje, na majibu yao yametofautiana hata makanisa yakagawanyika.

Mahali ni Golgotha, nje ya ukuta wa mji wa Yerusalemu, enzi za utawala wa Warumi, liwali akiwa Pontio Pilato. Warumi walikuwa na adhabu waliyowawekea watumwa, waasi na wanyang'anyi: kutundikwa msalabani. Iliua polepole, tena hadharani, makusudi kabisa, ili wapita njia waone waogope. Siku hiyo misalaba ilikuwa mitatu. Katikati alikuwa Yesu wa Nazareti, na huku na huku wahalifu wawili.

Injili zote nne zinawataja hao wawili. Mathayo na Marko wanasema wote walimtukana Yesu. Luka peke yake ndiye anayesimulia kwamba mmoja aligeuka. Akamkemea mwenzake, akamwambia kuwa wao wawili wanapata walichostahili, lakini huyu wa katikati hana kosa. Kisha akamwomba Yesu amkumbuke atakapoingia katika ufalme wake.

Hebu mfikirieni vizuri mtu huyo. Anaomba nafasi katika ufalme, na anayemwomba ni mtu aliyetundikwa msalabani kama yeye, anayekata roho kama yeye. Wanafunzi waliokula na Yesu sahani moja wengi wao wamekwisha kukimbia, na mnyang'anyi ndiye anayemwona mfalme. Yesu akamjibu kwamba siku ile ile watakuwa pamoja peponi.

Jina lake Biblia haikulitaja. Mapokeo ya baadaye yalimwita Disma, na Kanisa Katoliki linamhesabu miongoni mwa watakatifu. Mtu aliyeahidiwa pepo na Yesu mwenyewe, siku ile ile, alikuwa jambazi. Ningekuwa mtu wa kujivunia ibada zangu, habari hiyo ingeninyima usingizi.

Sasa, aliingiaje? Sisi tunasema dawa ya deni ni kulipa, na kila mwenye duka atawaambia hivyo hivyo. Wakristo wanafundisha kwamba dhambi ni deni ambalo mwanadamu hawezi kulimaliza, ajitahidi vipi. Basi Mungu mwenyewe, katika Yesu, akawa mwanadamu, akafa, akafufuka siku ya tatu, na kwa kufa huko deni likalipwa na yule asiyedaiwa kitu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma jambo hilo kwa kirefu, miaka isiyofika thelathini baada ya msalaba: wote wamekosa, na wote wanahesabiwa haki bure. Huo ubure ndio Wakristo wanauita neema. Mwizi hakuwa na senti ya kulipia, wala mkono wa kuinyooshea hiyo senti. Alipewa.

Naona mmoja wenu anatabasamu. Anajisemea: kumbe! Basi nile maisha kwanza, nitatubu siku ya mwisho.

Wazo hilo si lako peke yako, mwanangu. Katika karne ya nne waumini wengi waliahirisha ubatizo kwa hesabu kama hiyo: ubatizo unafuta dhambi zote, kwa hiyo afadhali ungoje uzee zifutwe kwa mkupuo. Mfalme Konstantino, aliyewapa Wakristo uhuru wa kuabudu mwaka 313, alibatizwa akiwa mgonjwa kitandani mwaka 337, na hakuinuka tena. Kwake hesabu ilikaa sawa. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na wahubiri hawajachoka kukumbusha kwamba wezi Golgotha walikuwa wawili, saa yao ya mwisho ilikuwa moja, na mmoja wao hatuambiwi kwamba aligeuka.

Aliyelitafakari jambo hili kwa uchungu ni Augustino, Mwafrika wa Thagaste, mji ulioko leo nchini Algeria. Alipokuwa mtoto aliugua sana, ikabaki kidogo abatizwe. Alipopata nafuu, ubatizo ukaahirishwa. Ujana wake aliumaliza katika mambo ambayo baadaye aliyaandika kitabuni bila kujificha. Anasimulia kwamba akiwa na miaka 16, yeye na wenzake waliingia usiku katika shamba la mtu, wakautikisa mti, wakaiba mapeasi kwa wingi. Njaa hawakuwa nayo. Mengi waliwatupia nguruwe. Walichokipenda ni ule wizi wenyewe, na hicho ndicho kilichomtisha alipokuwa mtu mzima: kumbe ndani ya moyo kuna kitu kinachopenda ubaya kwa kuwa ni ubaya tu. Alibatizwa mwaka 387 mjini Milan na Askofu Ambrosi, akawa askofu, na ndiye mwalimu aliyelisisitiza neno la neema kuliko karibu wote waliomtangulia. Kuhusu mwizi wa msalabani aliwahi kuandika kwamba pale ubatizo usipowezekana, imani na moyo uliogeuka vyaweza kutosha.

Turuke zaidi ya miaka elfu moja, twende Ujerumani. Julai mwaka 1505 kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa sheria, alikuwa njiani kurudi Erfurt. Mvua ikamkuta karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ikapiga karibu naye, akaweka nadhiri kwa hofu kwamba akipona atakuwa mtawa. Alipona, na nadhiri akaitimiza. Jina lake ni Martin Luther.

Huyu sasa si mwizi. Alikuwa kinyume chake kabisa: mtu aliyejihesabia kosa hata pasipo kosa. Alifunga, alikesha, aliungama kwa saa nyingi, akitoka akakumbuka dhambi nyingine akarudi. Padri wake wa kiroho, Johann von Staupitz, alifika mahali akachoka naye. Luther alitaka kulilipa deni lote mwenyewe, na kila akilipa aliliona limeongezeka. Alipokuwa akifundisha Biblia chuoni Wittenberg, akiisoma ile barua ya Paulo kwa Warumi, ndipo alipoona kwamba haki ya Mungu aliyoihofia ni haki ambayo Mungu anaitoa, na mtu anaipokea kwa imani.

Wakati huohuo, jirani na Wittenberg alikuwa akizunguka mtawa mmoja, Johann Tetzel, akigawa vyeti vya rehema kwa waliotoa fedha. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu watu hulisimulia jambo hili vibaya. Kanisa halikufundisha kwamba cheti kinanunua msamaha wa dhambi. Lilifundisha kuwa rehema inapunguza adhabu iliyobaki baada ya dhambi kusamehewa, ile ambayo roho inaimalizia toharani kabla ya kuingia mbinguni. Ila kwenye uwanja wa soko ufafanuzi huo ulipotea, na wanunuzi wakaelewa wanalipia pepo. Na fedha zilikwenda wapi? Nusu ilikwenda Roma kujenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Nusu ya pili ilimlipia Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz mkopo aliouchukua kwa matajiri wa ukoo wa Fugger. Vyeti vya kufuta madeni ya roho, kumbe, viliuzwa ili kulipa deni la benki. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alimwandikia Askofu Mkuu huyo, akaambatanisha hoja 95.

Mengine mnayajua au mtayasoma shuleni: kutengwa kwake, makanisa kugawanyika, vita. Kisichosemwa sana ni kwamba Wakatoliki nao walikaa chini wakajibu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulitamka mwaka 1547 kwamba wokovu unaanza na neema ya Mungu isiyostahiliwa na mtu yeyote; ila mtu anapaswa kuikubali neema hiyo na kutenda kazi pamoja nayo, na matendo mema yanamkuza. Mwaka 1567 Papa Pio wa Tano akapiga marufuku rehema za kutolewa kwa fedha. Luther alisema mtu haokolewi kwa matendo, lakini akasema pia kwamba imani ya kweli haiwezi kukaa bila matendo. Mwembe hauzai ili uwe mwembe, lakini mwembe usiozaa miaka yote mwenye shamba atauulizia. Kwa maoni yangu, pande hizo mbili zilikuwa karibu kuliko kelele zao zilivyosikika.

Ndiyo, lakini matendo yenyewe yanaanzia wapi? Hapo ndipo Luka anapotuletea mwizi mwingine, sura nne tu kabla ya yule wa msalabani. Huyu hakuvunja nyumba usiku. Aliiba mchana, kwa karatasi. Anaitwa Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, tajiri, mfupi wa kimo. Alitaka kumwona Yesu akipita, umati ukamzuia, akapanda mkuyu. Yesu akasimama chini ya mti, akamwita kwa jina, akasema atashinda nyumbani kwake. Watu wakanung'unika, na mimi ningenung'unika. Zakayo akasimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Yesu akatangaza kwamba siku hiyo wokovu umefika katika nyumba ile.

Angalieni mpangilio. Yesu hakumwambia arudishe kwanza ndipo aje kwake. Alikuja kwanza, kisha mali ikaanza kurudi. Na angalieni mikono. Mwizi wa Golgotha mikono yake ilikuwa imekwama msalabani. Hakuweza kumrudishia mtu chochote, na hakuambiwa arudishe. Zakayo mikono yake ilikuwa huru. Asiye na la kufanya hakudaiwa. Mwenye uwezo wa kufanya hakutulia.

Hilo si jambo la Yeriko pekee. Gahini, mashariki ya Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi, kulikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake, Mwingereza Joe Church, alikuwa amevunjika moyo na kazi. Mwaka 1929 alikutana Kampala na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wakasimama mbele ya wenzao kutaja dhambi zao. Vitu vilivyoibwa vikarudishwa kwa wenyewe, madeni ya siku nyingi yakalipwa, wamisionari Wazungu na Waafrika wakaombana msamaha hadharani, jambo ambalo enzi za ukoloni lilikuwa kioja. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka, na ndiko lilikotoka neno letu la walokole. Wakati mwingine walokole walizidisha. Kumsimamisha mzee njiani na kumuuliza kama ameokoka si adabu. Lakini yule aliyerudishiwa ng'ombe wake hakulalamika.

Kwa sababu ya historia hiyo, swali la "umeokoka?" hujibiwa tofauti nyumba kwa nyumba. Mlokole atakutajia siku na saa. Mlutheri atakwambia alipokelewa katika ubatizo, na anaishi kwa imani. Mkatoliki atasema yumo njiani, ana tumaini, na anahitaji sakramenti za kumlisha safarini. Waorthodoksi, ambao wapo Kenya na Uganda pia, wanauona wokovu kama safari ndefu ya kufananishwa na Mungu kidogo kidogo. Wasabato wana jambo lao kuhusu mwizi: wanaamini wafu wamelala mpaka ufufuo, kwa hiyo wanasema Yesu alimwahidi siku ile pepo itakayokuja baadaye. Maandiko ya kale ya Kigiriki hayakuwa na mkato, na suala la kama neno "leo" katika jibu la Yesu liende mbele au nyuma ya mkato limewagombanisha watu wazima kuliko mnavyodhani.

Siku moja Walutheri na Wakatoliki walipatana juu ya kiini cha ugomvi wao. Ilikuwa tarehe 31 Oktoba 1999 mjini Augsburg, miaka 482 kamili tangu barua ya Luther. Walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, si kwa kustahili kwake, na kwamba neema hiyo humwezesha na kumwita kutenda mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006, na makanisa ya mapokeo ya Calvin mwaka 2017. Hawakumaliza tofauti zote. Wakatoliki na Walutheri bado hawashiriki pamoja Meza ya Bwana.

Sasa nendeni mkasome wenyewe, muwe Wakristo au msiwe. Zakayo yumo katika Injili ya Luka, sura ya 19, na mwizi yumo katika sura ya 23. Ni mistari michache tu. Anzeni na Zakayo, na kama kuna kalamu ya mtu iko mfukoni mwenu, mrudishieni kesho asubuhi.