Mwanafunzi asiyekula nyama ahitaji nini?

MWANAFUNZI asiyekula nyama anaweza kuwa na afya njema sawa na yule anayeila kila wiki. Lakini kuacha nyama si kubaki na ugali na sukuma wiki tu. Yako mambo mawili ambayo yeye na mzazi wake wanapaswa kuyajua: vitamini B12 na madini ya chuma.

Katika nchi ya Ziwa Victoria, kuanzia Kisegi hadi Kendu Bay, mlo huu si mgeni. Waadventista Wasabato walianza misheni yao ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na baadhi ya waumini wao hawali nyama. Wengine huikosa kwa sababu ya bei, au kwa kuwa chakula cha bweni ni githeri na mboga siku nyingi.

Vitamini B12

Vitamini hii hutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mboga na nafaka hazina. Kijana anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na vikombe viwili vya maziwa na yai moja hukaribia kiasi hicho. Anayekula omena ana bahati zaidi, kwani samaki huyo huliwa pamoja na mifupa yake, hivyo humpa madini ya kujenga mifupa pia. Asiyegusa hata maziwa, mayai wala samaki lazima atumie vidonge vya B12.

Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huja polepole: uchovu, ganzi miguuni, kusahausahau. Jihadhari na vidonge vya asidi ya foliki vinavyonunuliwa kiholela ili kuongeza damu. Vyaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika.

Madini ya chuma

Maharagwe, ndengu, wimbi na mnavu, ambao Waluo huuita osuga, yana chuma, lakini mwili hukifyonza kwa shida kuliko kile cha nyama. Kisaidie kwa vitamini C: chungwa, pera au nyanya mbichi pamoja na mlo. Chai huzuia chuma kufyonzwa, basi inywewe angalau saa moja baada ya kula. Kuchachusha uji wa wimbi na kuloweka maharagwe pia husaidia. Msichana aliyeanza hedhi huhitaji chuma zaidi ya mvulana.

Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zisipikwe muda mrefu, na maji yake yasimwagwe.

Pima kwanza

Mwanafunzi akiwa na weupe kwenye kope za ndani, akihema akipanda ngazi au akisinzia darasani, usikimbilie kulaumu chakula. Sehemu za ziwani malaria, safura na kichocho pia hupunguza damu. Mpeleke kituo cha afya apimwe damu, choo na mkojo ndipo apewe dawa.

Nawe mzazi wa Nairobi au Kisumu, siku ya kumtembelea mtoto bwenini, punguza soda na biskuti. Mbebee mayai ya kuchemsha, maziwa ya pakiti, njugu karanga na mapera. Hayo ndiyo yatakayomfaa darasani.