Nje ya TANZAM: Baiskeli katika Barabara za Changarawe za Mbeya na Iringa

Mwanjelwa, kitovu cha biashara cha Jiji la Mbeya, iko kando ya barabara kuu ya TANZAM, ambayo hutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwenye mpaka wa Zambia na ambayo usiku na mchana hupitisha malori yenye shehena za Zambia na Kongo. Mwendesha baiskeli anayeifuata barabara hiyo hugombania ukingo wa lami na mabasi, bajaji na bodaboda, na anapofika kwenye miteremko ya Iwambi, Mlima Nyoka au Inyala huwa katika sehemu zinazofahamika nchini kote kwa ajali za malori yaliyokatika breki. Hata hivyo, si mbali na msongamano huo, kaskazini na kusini, huanza mtandao mpana wa barabara za udongo na changarawe zinazopanda milima, kuvuka mito na kukatiza mashamba ya viazi, pareto, chai na misitu ya kupandwa, na katika nyingi kati ya hizo gari huonekana mara moja moja tu. Utajiri huo, ambao wenyeji wameuzoea kiasi cha kutouona, ndio unaotafutwa leo na waendesha baiskeli wa nchi nyingi.

Uendeshaji wa baiskeli wa changarawe, kama unavyoeleweka leo, ni safari au mashindano ambayo mwendeshaji huiacha lami kwa makusudi. Baiskeli yake hufanana na ile ya mashindano ya barabarani, yenye usukani uliopinda kuelekea chini, lakini tairi zake ni pana zaidi, kwa kawaida kati ya milimita 40 na 50, na hujazwa upepo wa kiasi ili zibonyee juu ya kokoto badala ya kurushwa nazo, jambo linaloipa tairi mshiko na kuipunguzia mikono mitikisiko. Huko Emporia, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, mashindano ya namna hiyo yalianza mwaka 2006, na mbio zake maarufu zina urefu wa maili 200, yaani takribani kilomita 320. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Italia mwaka 2022. Afrika Mashariki haikubaki nyuma, kwani mwaka 2021 mbio za Migration Gravel Race zilianza katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya, na Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani, alishindana hadi Marekani, ambako alifariki kwa ajali mashindanoni mwezi Agosti 2022.

Ni kosa, hata hivyo, kuuona mchezo huu kama kitu kigeni kinachosubiri kuletwa Nyanda za Juu Kusini. Kwa miongo mingi baiskeli nzito za chuma, hasa Phoenix kutoka China, zimebeba mikungu ya ndizi, magunia ya viazi na mkaa katika barabara hizihizi. Mbebaji huimarisha karia ya nyuma kwa vyuma au miti, huufunga mzigo kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kisha hupanda mlima akisukuma kwa mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo, na kwenye mteremko huishikilia baiskeli isimponyoke. Fundi aliyekaa chini ya mti na pampu, solusheni na beseni la maji la kutafutia tundu la tyubu ndiye anayefanya safari ya kilomita nyingi iwezekane. Mtalii mwenye baiskeli ya bei kubwa na mbebaji wa ndizi wanahitaji kitu kilekile: barabara inayopitika, isiyo na magari ya kasi.

Ubora wa barabara ya changarawe hutegemea maji kuliko kitu kingine chochote. Barabara iliyojengwa vizuri huinuliwa katikati ili mvua iteleze pande mbili hadi kwenye mitaro, na mitaro huyapeleka maji kwenye kalavati, yaani bomba au njia ya zege inayopita chini ya barabara, kabla hayajapata nguvu ya kuchimba. Mtaro ukiziba, maji hupanda barabarani, huzoa changarawe laini inayoshikanisha kokoto, na msimu mmoja tu unatosha kuacha korongo katikati ya njia. Adui wa pili ni mawimbi madogo yanayopangana kwa upana wa barabara. Hayo huletwa na tairi za magari yanayokwenda kasi, zikiruka na kutua palepale hadi udongo ukajipanga kama ubao wa kufulia nguo. Baiskeli, kwa wepesi na mwendo wake, karibu haina mchango katika uharibifu huo, nayo hujiokoa kwa kupita pembeni, pale ambapo tairi za magari hazifiki. Barabara nyingi za vijijini, pamoja na mitaro yake, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 ambao husimamia zaidi ya kilomita 100,000 nchini kote, mzigo unaoeleza kwa nini greda huchelewa kufika katika vijiji vya milimani.

Kwa mpenda milima, njia yenye hadhi ya pekee ni ile inayoanzia Isyonje, kusini mwa Uyole jijini Mbeya, na kupanda hadi uwanda wa Kitulo wenye kimo cha takribani mita 2,600, kisha kushuka kupitia Matamba, wilayani Makete, hadi Chimala kwenye ukingo wa bonde la Usangu. Mteremko huo wa mwisho huitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake, nao humtoa msafiri kwenye baridi ya nyasi za milimani hadi kwenye joto la mashamba ya mpunga, huku bonde lote likiwa wazi mbele yake. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Anayekusudia kuzuru ndani ya hifadhi hupaswa kufuata taratibu za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Tatizo ni kwamba maua huchanua kati ya Desemba na Aprili, wakati ambapo udongo umelowa na ukungu huziba kona, kwa hiyo anayetaka maua atembee kwa miguu, na anayetaka kona hamsini na saba angoje kiangazi.

Eneo hili pia ni mgawanyo wa maji, yaani mahali ambapo mvua ya mlima mmoja huishia katika mabonde tofauti. Maji ya upande wa kaskazini-magharibi mwa Mbeya huelekea Ziwa Rukwa, ya Rungwe hushuka kwa Mto Kiwira na mingine hadi Ziwa Nyasa, na ya Kitulo na Kipengere huungana kuwa Ruaha Mkuu, unaopita Usangu, Mtera na Kidatu kabla ya kuingia Rufiji. Mwendesha baiskeli huutambua mgawanyo huo kwa miguu yake, maana kila bonde humdai kupanda upya. Upande wa Rungwe ndio wenye mito mingi zaidi: Kiwira hupita chini ya Daraja la Mungu, jiwe la asili lililovuka juu ya mto kama tao, na kutoka Tukuyu njia za mashamba ya chai na migomba hushuka zaidi ya mita 1,000 hadi tambarare za Kyela, ambako nchi ni bapa na baiskeli ni chombo cha kila siku.

Upande wa Iringa mandhari hubadilika. Misitu ya misonobari na mikaratusi ya Sao Hill, karibu na Mafinga, imekatwa na barabara ndefu za huduma, na siku ambazo magogo hayavunwi huwa kimya. Mgeni huomba ruhusa ofisini na kuuliza mahali malori yanapopakia, kwa kuwa lori la magogo katika njia nyembamba halina pa kukwepea. Karibu na mji wa Iringa, njia za kando ya Ruaha Mdogo hufika Kalenga, iliyokuwa ngome ya Chifu Mkwawa wa Wahehe, lakini kadiri mtu anavyokaribia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ndivyo tembo wanavyokuwa sababu ya kutosafiri peke yake wala jioni.

Msimu unaofaa ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Juni na Julai asubuhi huwa za baridi kali, na jalidi huonekana Kitulo. Mwezi Oktoba vumbi huwa jingi, lakini udongo ni mgumu na mito ina kina kifupi. Udongo wa volkano wa Rungwe, ambako mvua hukawia kukatika, huganda kwenye tairi hadi gurudumu likakataa kuzunguka, hivyo siku moja ya kungoja jua mara nyingi huokoa siku mbili za kusukuma.

Lami inazidi kuingia, na ni haki iingie. Barabara ya Mbeya hadi Chunya, inayopita msitu wa Kawetire na kupanda juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ilikuwa ya changarawe na sasa ina lami, na mkulima aliyekuwa akipoteza mazao yake kwenye tope hawezi kuombwa aendelee kuteseka ili mgeni apate mandhari. Kinachoweza kuombwa ni kwamba barabara ndogo zinapotengenezwa, baiskeli ihesabiwe miongoni mwa vyombo vinavyozipita. Katika madaraja ya magogo ya vijijini, mbao za juu zikilazwa kwa urefu wa daraja huacha nyufa zinazomeza tairi la baiskeli na kumtupa mbebaji pamoja na mzigo wake. Mbao zilezile zikilazwa kwa kukingama, gari hupita vilevile na baiskeli hupita salama.