Kamera Isiyowaka

Leo tutaeleza habari ya kamera ya dijitali, yaani kamera isiyotumia filamu. Hapa Same wako watu ambao kamera kama hiyo ndiyo shamba lao. Mpiga picha hupanda gari alfajiri kwenda harusini Suji au Gonja; akifika, kamera haiwaki. Harusi haitarudiwa kwa ajili yake. Basi afanye nini?

Asikimbilie bisibisi. Ninyi wa Upare mnaijua ndiva: maji hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani. Shamba likikosa maji, mtu hutazama kwanza kama ndiva imejaa, kisha hufuata mfereji aone ulipoziba. Betri ndiyo ndiva ya kamera.

Toa betri. Kama ni zile za mviringo kama za tochi, kila moja ina volti 1.5 ikiwa mpya. Betri za bei rahisi huwasha redio vizuri, lakini kamera huzishinda, maana kusukuma lenzi na kujaza flashi kwahitaji umeme mwingi kwa mara moja. Ndiyo sababu kamera yaweza kuwaka, lenzi ikatoka nusu, kisha ikazima. Usidhani imekufa. Tia betri mpya za alkalaini, ujaribu tena. Kama betri yako ni ile bapa ya kuchaji, azima nyingine ya namna ile ile iliyo nzima. Alama ya kujaa katika kioo hudanganya betri ikiwa kuukuu. Tena baridi ya asubuhi karibu na kilele cha Shengena huipunguzia nguvu. Itie mfukoni ipate joto la mwili.

Betri ikiwa nzima, tazama vyuma vidogo inavyogusa. Vumbi la tambarare lipanguse kwa kitambaa kikavu. Betri ya alkalaini ikivuja huacha unga mweupe. Usiushike kwa vidole, bali ufute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha acha pakauke kabisa. Halafu funga mlango wa betri mpaka usikie umelia. Katika kamera nyingi mlango huo ni swichi pia: ukiwa wazi hata kidogo, kamera haiwaki.

Je, kama imelowa kwa mvua au ukungu wa milimani? Usiiwashe ili kuijaribu, maana hapo ndipo huungua. Toa betri na kadi ya picha, uiache kivulini penye hewa siku mbili. Wengine huifukia katika mchele. Mimi sikubali: unga wa mchele huingia katika lenzi.

Ikikataa bado, mpelekee fundi, wala usiifungue mwenyewe. Watu hudhani betri ndogo haiwezi kudhuru. Lakini ndani ya flashi mna kapasita, chombo kinachoweka umeme wa volti zipatazo 300, na umeme huo hubaki humo hata betri ikiwa imetolewa. Ukiugusa utakupiga vibaya.

Kabla ya kwenda, andika kwa mkono wako katika karatasi: “Nimetia betri nzima. Nimesafisha vyuma. Mlango umefungwa. Haikulowa. Lenzi haitoki.” Mpe fundi karatasi hiyo, asije akakutoza fedha kwa kazi uliyokwisha kuifanya.