Fundi Mkuu wa Kompyuta Hajulikani kwa Upesi

Juzi, baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu alinijia barazani amekunja uso.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

Akanieleza kwamba kazini kwake, anakotunga programu za kompyuta, amenyimwa cheo cha fundi mkuu. "Na mimi ndiye niandikaye upesi kuliko wote!"

Kazi hiyo nami nimeifanya miaka 20. Nikamwambia kwamba, kama uundaji wa majahazi, ina daraja tatu. Wa kwanza ni mwanagenzi. Hupewa kipande kidogo cha kazi, na aghalabu huuliza, "Nifanyeje?" Si aibu, kwani mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wa pili ni fundi. Hukabidhiwa kazi nzima akaimaliza bila kushikwa mkono, na swali lake ni, "Je, inakwenda?" Wa tatu ni fundi mkuu. Yeye huuliza, "Ikiharibika itakuwaje? Na kitu hiki chahitajika kweli?"

"Maswali tu, mjomba?"

Nikampa kisa cha Ariane 5, roketi ya Ulaya iliyorushwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Yapata sekunde 40 tu ikapinda njia na kupasuka. Programu ya kupima mwendo wake ilitolewa katika Ariane 4, ambako haikuwa na taabu. Lakini roketi mpya ilikwenda upande kwa kasi zaidi, hata hesabu moja ikazidi 32,767, tarakimu kubwa kabisa iliyoweza kuingia katika nafasi yake. Kompyuta ikazimika. Ile ya akiba, kwa kuwa ilikuwa na programu ile ile, nayo ilikuwa imekwisha zimika. Na ajabu ni kwamba sehemu hiyo ya programu, roketi ikishaondoka, haikuwa na kazi tena!

"Waliotunga walikuwa mafundi hodari," nikamwambia. "Ila hawakuijaribu kwa safari ya roketi mpya."

Mpwa wangu akainama, akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mwezi uliopita alichukua programu ya zamani ya malipo, akaitia katika kazi mpya bila kuijaribu. Hesabu za wateja zikavurugika siku nzima. Aliyelaumiwa ni mwanagenzi aliye chini yake, na yeye hakusema neno.

"Hicho ndicho kilichokunyima cheo," nikamwambia, "ingawa wakubwa zako hawakijui. Fundi mkuu hubeba kosa lake, na humkinga mwanagenzi wake. Miaka na upesi huja baadaye."

Kesho yake alikwenda akaungama mbele ya wote. Cheo hajapewa. Lakini yule mwanagenzi, naambiwa, siku hizi haondoki ubavuni pake.